Aliyeezua Paa la Kivulini

Kanduyi, Bungoma
Novemba 2005

Mama,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Wewe sitakuuliza. Nitakwambia yangu tu: niko mzima, nafanya kazi, nakula, na nina hasira. Nimeishi na hasira hii tangu tukuzike Matulo, na sasa imeanza kuharibu hata mshono wangu. Juzi nilipasua kola ya mteja kwa kuvuta uzi kwa nguvu. Ungekuwepo ungesema, "Nanjala, kitambaa hakijakukosea." Ni kweli. Walionikosea ni watu wawili. Mmoja ni Wekesa, mwanao wa kwanza. Wa pili ni wewe, na ndiyo sababu ninaandika.

Wiki iliyopita nilienda Kitale. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga huko tena, lakini kwaya ya kanisa letu imenipa kazi ya makoti, na vifungo walivyotaka havipatikani Bungoma. Nilipovipata, miguu ikanipeleka yenyewe hadi pale palipokuwa na maduka yetu. Mama, Kivulini hakuna kitu. Yaani kuna jengo, ghorofa nzima, vioo vya samawati usoni kama miwani ya askari wa trafiki, na vigae vya kuteleza. Mlinzi akanisimamisha mlangoni.

"Unatafuta nani, madam?"

Nilitaka kumwambia namtafuta mama yangu, alikuwa anakaa pale mlipopanga sabuni. Nikasema, "Naangalia tu."

"Hapa hakuna kuangalia tu. Ingia ununue ama usonge."

Nikasonga. Miaka yote hiyo watu waliingia Kivulini kuangalia tu! Mvua ikianza waliingia, jua likizidi waliingia, mwanamke akigombana na mumewe aliingia kuzunguka mpaka moyo upoe. Hakuna aliyewahi kuulizwa anatafuta nani.

Nataka kuiandika jinsi ilivyokuwa. Si kwa ajili yako, wewe uliijua kuliko mimi. Nimeanza kusahau vitu, na hilo linanitisha.

Ukitoka barabara kuu uliingia chini ya tao la matofali. Juu yake palikuwa na herufi za plasta zenye jina la Jivan, yule Mhindi aliyeijenga siku za masetla, na mvua ilikuwa imekula herufi ya mwisho. Ndani kulikuwa na njia moja ndefu, nyembamba, maduka yakitazamana huku na huku mpaka tao la pili lililotokea upande wa soko. Milango ilikuwa ya mbao za kukunja, ikifunguliwa asubuhi ililia yote kwa pamoja. Sakafu ilikuwa saruji nyekundu, na katikati nyayo za watu zilikuwa zimechimba kijia laini, ukipita bila viatu unakisikia. Nguzo zilikuwa za chuma, zililetwa na reli, zimepakwa kijani juu ya kijani mpaka maua yaliyochongwa juu yake yakawa kama yamevimba. Halafu zile mbao za mtarakwa kutoka Mlima Elgon. Mchwa hakuzigusa. Jua la Januari likizichoma zilitoa harufu, na wateja wageni walikuwa wanainua pua na kuuliza ni nini kinanukia hivi.

Lakini kitu chenyewe kilikuwa paa. Mabati mazito ya zamani, si haya ya leo yanayokunjwa na upepo. Na mgongoni mwa paa, ukanda wa vioo kutoka tao hadi tao, umeinuliwa kidogo juu ya mabati ili joto litoke pembeni. Ulikuwa unasema Jivan aliwaza kama fundi cherehani: alitaka mteja wake mzungu asinyeshewe, asichomwe na jua, na bado aone rangi ya kitambaa ilivyo. Hukuwasha taa mchana hata siku moja. Mafundi wa nje walikuletea vitambaa ulinganishe uzi, kwa sababu kwao bluu ilikuwa nyeusi na kahawia ilikuwa nyekundu. "Rangi ya kweli iko Kivulini," ndivyo walivyosema, na wewe ulifurahi kana kwamba vile vioo uliviweka wewe.

Na lile dirisha la nyuma, uchochoroni. Hilo hukutuficha. Kukhu, mama yako, hakupita chini ya lile tao hata siku moja ya ujana wake. Mwafrika alinunua dirishani, amesimama kwenye matope. Babu naye ndiye aliyepasua ile mitarakwa kule mlimani, na ni yeye na wenzake walioipandisha juu kwa kamba na kuipigilia. Alipomaliza akashuka, na kuanzia siku ile akawa mtu wa dirishani kama mkewe. Uhuru ulipokuja, na wewe ukakodi nafasi pale ndani na kuweka cherehani yako, kitu cha kwanza ulichofanya ni kumleta Kukhu kutoka Matulo. Ulimkalisha kwenye kiti cha wateja. Ulituambia alitazama juu muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe huku ndani kuna baridi hivi." Basi.

Kwa hiyo tulipoambiwa Kivulini inauzwa, nilijua hutaondoka kama wengine.

Mjukuu wa Jivan alikuja kutoka ng'ambo, akauza, akaenda zake. Yeye sikumlaumu sana, hata Kiswahili alikuwa amekisahau. Mnunuzi hatukuwahi kumwona uso. Tulilijua gari lake tu, na wakili wake, kijana aliyetushikisha notisi mlango kwa mlango akisema pole, pole sana. Wengi walifunga virago mwezi uleule. Ukabaki wewe, na Mzee Ndiema wa kutengeneza saa, na wachache walioona haya kuwaacha. Nakukumbuka umesimama katikati ya njia, futi ya kupimia shingoni, unawaambia, "Watu wa kwetu walisimama kwa dirisha miaka mingapi? Mimi sitoki kwa mlango nikiwa nakimbia." Mzee Ndiema akapiga makofi peke yake, kile kioo chake cha jichoni bado kinaning'inia.

Mlienda kortini. Hakimu akasema hakuna kubomoa mpaka kesi isikizwe. Tulirudi tukiwa tunacheka barabarani kama watoto. Nilinunua soda. Mzee Ndiema alikunywa yake akasema, "Sasa hata wao wataheshimu." Masikini, aliamini.

Hawakubomoa. Walisema wanakarabati.

Ile asubuhi tulifika na ngazi tayari zimeegemezwa. Vijana walikuwa juu, tunasikia misumari inang'olewa, ule mlio wa chuma kutoka kwenye mbao kavu. Bati moja likateleza, na jua likaingia mahali lilipokuwa halijawahi kuingia tangu Babu. Nikapaza sauti, "Nyinyi huko juu! Nani amewatuma?" Mkubwa wao akageuka. Alikuwa na kofia, na nyundo kiunoni, na uso wa baba yetu.

Wewe ulimtambua kabla yangu. Ulimtambua kwa mgongo, nafikiri.

Sikuwa nimeshangaa kwamba Wekesa ni fundi wa paa, nani Kiminini asiyemjua? Nusu ya paa za huko ni zake. Nilishangaa kwamba alipanda. Alijua umo mle chini. Alijua kesi. Krismasi iliyotangulia alikaa kwako, akala kuku, ukamweleza habari ya hakimu, naye akaitikia, "Ni sawa, mama, ni sawa."

Nilianza kumtukana. Ndiyo, nilimtukana mbele ya vijana wake, matusi ambayo sijui niliyaokota wapi. Naye alisimama tu juu ya ile mbao, hajui aweke wapi mikono. Soko zima lilikuwa limeanza kujaa taoni kutazama. Ungemwambia neno moja tu, Mama. Neno moja tu kutoka kwako na angeshuka, akachukua ngazi zake akaenda. Namjua ndugu yangu. Alikuwa analingojea.

Ukamwambia, "Wekesa, shuka unywe chai kwanza."

Akashuka. Ukafungua chupa, ukammiminia kwenye kikombe chako mwenyewe, ukampulizia kama mtoto wa nasari. Mlikaa kwenye benchi la wateja. Hamkuongea. Mimi nilisimama pale na mkasi mkononi, na ndugu yangu akanywa ile chai mpaka chini. Kisha akasema, "Asante, mama." Akafuta mdomo. Akapanda tena.

Nimelirudia hilo kichwani sijui mara ngapi. Nimejaribu kulishona kwa upande huu, kwa upande ule, halikubali. Ulimpa nini pale, Mama? Ruhusa? Aibu? Mzee Ndiema anasema ulitaka aonje ubaya wa anachofanya. Kama ni hivyo hakuuonja, alionja sukari. Au ulichoka? Au ni ile ya kawaida tu, kwamba Wekesa ni Wekesa? Watu walikuita Mama Wekesa miaka yote hata mimi nikiwa nimekaa cherehani ya pili, bega kwa bega na wewe, yeye akiwa anapita mara moja kwa mwaka.

Kabla ya juma kuisha paa lote lilikuwa chini. Vioo walivivunjia hukohuko juu, hawakujali kuvishusha. Zikabaki mbao za Babu na mawingu. Halafu Aprili ikafika na mvua zake, na unajua mvua ya Kitale haiombi nafasi.

Nilikuomba tuhame. Nilipata kibaraza Kiminini, nilipata nafasi hapa Kanduyi karibu na stediamu. Ukasema kesi bado, ukitoka utakuwa umewaachia. Ukafunga nailoni nyeusi juu ya cherehani, ukaendelea. Maji yakapita kwenye kile kijia cha nyayo kama mto. Yunifomu za watoto zilipata ukungu kabla ya kuvaliwa. Wateja walikuja na miavuli, wakaona haya, halafu wakaacha kuja. Ukaanza kukohoa, ukasema ni vumbi. Vumbi gani, Mama, kwenye maji?

Akaja mtu na kofia ngumu nyeupe, sijui alitumwa na nani, akatazama kuta zilizoloana, akatikisa kichwa, akaandika kwamba jengo ni hatari kwa maisha ya watu. Hapo ndipo nilipouelewa ule ukarabati. Hawakuhitaji kubomoa. Walihitaji mvua tu, na mtu wa kuifungulia mlango.

Ulilazwa hospitalini, kesi ikafa. Ulipokufa wewe, mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono. Kulikuwa kunapambazuka. Uliuliza kama kunanyesha, nikakudanganya kwamba hapana.

Sasa nikwambie ya mazishi, kwa sababu ulikuwepo lakini hukuyaona.

Tulikuleta Matulo. Watu walijaa, kina mama wa kanisa walipika usiku na mchana. Wekesa alikuwa amejenga jiko kubwa nyuma ya nyumba, alilimaliza upesi ili wageni wapate pa kupikia, na kila mtu akamsifu. Kifungua mimba amejikaza! Niliingia kuchukua sufuria, moshi ukanifanya niinue macho. Mama, mabati yalikuwa ya Kivulini. Rangi ya kijani ya nguzo ilikuwa imerukia pembeni mwa bati moja, lile lililokuwa juu ya duka la Mzee Ndiema, doa lenye umbo la sikio. Nililitazama doa hilo nikifunga vifungo tangu nikiwa msichana. Walimlipa sehemu ya kazi yake kwa mabati. Na uji wa waliokulilia ulikuwa unachemka chini yake.

Nilimvuta Wekesa kando, karibu na shamba la miwa.

"Haya mabati umetoa wapi?"

"Si unajua, Nanjala."

"Nataka uniambie wewe."

Akatazama chini. "Ningekataa, si wangeita fundi mwingine? Ile kitu ilikuwa inaenda tu. Mimi niko na watoto. Halafu hiyo nyumba unalilia ilikuwa ya nani? Ya wahindi na wazungu. Kukhu alikuwa ananunua kwa dirisha."

"Na mbao zilipandishwa na nani?"

Akavunja jani la muwa. Halafu akasema neno ambalo ndilo lililonifukuza pale nyumbani, ndilo lililofanya nisimalize hata matanga. Alisema, "Mama mwenyewe hakukasirika. Alinipa chai."

Unaona ulichomwachia? Mimi uliniachia cherehani mbili zenye kutu. Yeye ulimwachia kinga. Alisimama mbele ya watu kaburini kama mtoto wa kwanza, akasema mama yetu aliondolewa na homa, Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Hakuna aliyeguna. Hata Mzee Ndiema, aliyefunga safari kutoka Kitale na suti yake ya kanisani, alitazama kofia yake tu.

Walibomoa mara baada ya mvua. Sikwenda kutazama. Mzee Ndiema alikwenda. Anasema matao yaligoma, walirudia na trekta mpaka jioni, na herufi za Jivan zilianguka zikiwa bado zimeshikana. Mitarakwa ya Babu iliuzwa kwa mtu wa kuchoma mkaa. Mzee mwenyewe yuko Kiminini sasa, kwenye kibaraza cha duka la chakula cha ng'ombe. Kila mtu ana simu, na simu ina saa, nani atamletea saa? Ananiambia anapata mwanga wa kutosha. Najua hapati. Siku nilipomtembelea alinipa saa ya mteja nimsomee iliyoandikwa nyuma.

Mimi niko hapa Kanduyi. Cherehani yako nimeisugua, inaenda. Chumba ni cha mabati mapya, mchana unaiva kama mkate, na nawasha taa ili nione uzi. Wateja wapo. Wananiita Fundi. Hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani, na kuna siku nashukuru kwa hilo.

Sasa lililonifanya nikae chini leo baada ya ibada, nifunge mlango, nikuandikie.

Wekesa alipiga simu jana. Namba sikuijua, ndiyo maana nikashika. Mkewe amejifungua msichana. Ati mtoto alilia siku zote tangu azaliwe, hanyonyi, halali, wakampeleka hospitali wakaambiwa hana ugonjwa. Wakaanza kumtajia majina, mmoja baada ya mwingine, ya upande wa mama, ya upande wa baba. Analia tu. Shangazi akataja lako. Nasimiyu. Mtoto akanyamaza palepale, akashika titi.

"Ni mama, Nanjala," aliniambia. Alikuwa analia, na huyo si mtu wa kulia. "Amerudi. Amekuja kwangu. Kuja umuone, bana. Tafadhali."

Nilikata simu.

Kati ya nyumba zote, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa na wewe chini ya ile nailoni. Mimi ndiye niliyekuosha. Mlango wangu haujafungwa kwako siku hata moja. Hujanijia hata ndotoni, na nimelala na kanga yako chini ya kichwa nikikungoja. Halafu unaenda kuzaliwa Kiminini, chini ya paa la yule aliyekuezua! Unanyamaza anapokuita!

Watu watasema huyo ndiye mama. Shangazi tayari ameshasema, alinipigia baadaye kunibembeleza nisamehe. "Kama yeye amemrudia, wewe ni nani?" Mimi ni nani. Swali zuri. Mimi ni yule aliyesimama na mkasi, ambaye hakuna aliyemwambia aketi.

Nimelia, nimemaliza. Nimeosha uso. Sasa nakuaga, na safari hii nakuaga kweli, kwa sababu sijui tena niandikie wapi: Matulo kwenye udongo au Kiminini kwenye nepi.

Ahadi yangu ni hii. Jumapili ijayo nitakwenda. Nitamshonea mtoto gauni, kitambaa nimeshachagua, cha manjano, na nilikipeleka nje juani nikione vizuri. Nitaingia kwa Wekesa, nitasalimia, nitakupokea mikononi mwangu. Mtoto akikua akauliza jina lake lilitoka wapi, nitamwambia: kwa mwanamke aliyekataa kutoka kwenye mlango akiwa anakimbia. Akiuliza nini kilimwondoa, nitamjibu hilo pia, hata kama babake yuko hapohapo, na sitasema homa.

Hiyo tu ndiyo naweza. Usilie nikikubeba, Mama. Na usinitazame kwa macho ya kumwombea mtu msamaha. Nimeahidi kukushika. Kusamehe sijaahidi.

Kwaheri.

Mwanao, wa pili,
Nanjala